Darsa ya Maumbile: Ziwa la Nakuru na Mizani ya Mwenyezi Mungu

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia macho ya kuonea na akili ya kuzingatia, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Katika baraza zetu za pwani, khabari za maziwa ya Bonde la Ufa zimekuwa zikizungumzwa sana tangu yalipopanda maji yake na kuingia majumbani mwa watu. Wamo ndugu zetu wafanyao kazi na biashara Nakuru, na wamo jamaa zetu walioketi huko vizazi na vizazi tangu enzi za kujengwa kwa reli, na kila arejeaye huja na yake. Maneno tuliyoyasikia ni ya namna mbili. Wa kwanza husema kwamba ziwa limeghadhibika, au kwamba lina mwenyewe asiyeonekana, na ya kuwa watu wa huko wameadhibiwa kwa maovu yao. Wa pili husema: "Hayo ni mambo ya ndege na wanyama, na wanyama ni wa watalii, sisi yatuhusu nini?" Darsa hii twaiandika kuwajibu wote wawili, kwani wote wawili wameiacha ibada moja kubwa, nayo ni kutazama alivyoumba Mwenyezi Mungu na kujua sababu alizoziweka.

1. Elimu hii si ngeni kwetu

Mwenye kudhani kwamba elimu ya wanyama ni elimu ya wageni, basi hakuisoma Qur'ani kwa mazingatio. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, tumeamrishwa twende katika ardhi tukatazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Katika Suratul An'am, aya ya 38, tumefahamishwa kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mbali mbali kama tulivyo sisi. Na katika Suratul Ghashiya wanaulizwa wenye kupinga kama hawamtazami ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Amri hizi hazikuja kwa mtalii. Zimetujia sisi tunaoisoma Qur'ani asubuhi na jioni.

Wanavyuoni wetu waliifahamu amri hiyo. Al-Jahiz wa Basra, aliyekufa mwaka 255 wa Hijra (869), alitunga kitabu kikubwa cha wanyama, Kitab al-Hayawan. Al-Damiri wa Misri, aliyekufa mwaka 808 wa Hijra (1405), alikuwa mwanachuoni wa fiqhi, na juu ya hayo alitunga Hayat al-Hayawan, akawapanga wanyama kwa herufi, akataja tabia zao na hukumu zao katika sharia. Al-Mas'udi alisafiri bahari yetu hii katika karne ya nne ya Hijra, akaandika khabari za nchi ya Zanji na wanyama wake. Na mwaka 1415 mji wetu wa Malindi ulimpeleka twiga kuwa zawadi kwa mfalme wa Uchina. Basi wazee wetu waliwajua wanyama wa bara hili, wakawaandika na wakawasafirisha, kabla haijatajwa hoteli ya kitalii hata moja.

2. Bonde na maziwa yake

Wala Bonde la Ufa lenyewe si geni kwa watu wa pwani. Misafara ya Pangani na Mombasa ilikuwa ikifika Baringo kutafuta pembe za ndovu kabla Mzungu hajaiona nchi hiyo. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883, alikwenda na wapagazi wa pwani, na katika njia alifuatana na Jumbe Kimameta wa Pangani, mkuu wa misafara aliyeijua nchi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1893, akaja John Walter Gregory, mtaalamu wa mawe, naye ndiye aliyeeleza kwa elimu jinsi bonde hilo lilivyofanyika. Kisha reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nakuru mwaka 1900.

Aliyoyaeleza Gregory, na waliokuja baada yake wakayazidisha, ni haya. Ardhi tunayoikanyaga si kipande kimoja. Upande wa mashariki wa Afrika wajitenga na upande uliobaki, na mwendo wake ni milimita chache kwa mwaka, pungufu kuliko ukucha wa mkono unavyokua. Kwa kuvutana huko, ardhi ya katikati imedidimia na kuta zikabaki pande mbili. Huo ndio ufa utokao nchi za Bahari ya Sham na Uhabeshi, ukapita Kenya na Tanzania, hata ukafika Msumbiji. Na penye nyufa moto wa chini hupata njia. Juu ya mji wa Nakuru pana mlima wa Menengai, ambao kilele chake kilizama zamani kikaacha shimo kubwa lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi. Moto huo haujazimika. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wake unatumiwa kuleta umeme tangu mwaka 1981, na huenda taa unayoisomea darsa hii yatoka huko.

Chini ya bonde hilo yamepangana maziwa: Baringo, Bogoria, Nakuru, Elmenteita, Naivasha, na kusini kabisa Magadi, kisha Natron iliyo Tanzania. Baringo na Naivasha maji yake ni baridi, kwa sababu yapenyeza chini ya ardhi na kutoka. Lakini Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni maziwa ya magadi. Ziwa la Nakuru hupokea maji ya mito ya Njoro, Makalia na Nderit, na ya chemchemi ambazo wenyeji huziita Baharini. Wala hapana mto hata mmoja utokao humo. Maji hayana njia ya kuondokea ila kupandishwa na jua. Aliyeona mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni atafahamu mara moja: jua huchukua maji, na chumvi hubaki. Tofauti ni kwamba mawe ya Nakuru ni mawe ya moto, na kiyeyukacho humo zaidi ni magadi, yale yale ambayo mama zetu huyatia katika maharage yapate kuiva upesi.

Na maziwa haya hayakukaa katika hali moja tangu yaumbwe. Miaka kiasi cha elfu tisa iliyopita, zama za mvua nyingi, Nakuru na Elmenteita zilikuwa ziwa moja lenye kina kirefu. Huko Kariandusi, karibu na Elmenteita, panachimbwa udongo mweupe ambao wote ni maganda ya mimea ya majini midogo mno. Basi pale palipo pakavu leo palikuwa maji zama za kale zaidi. Hapo hapo Kariandusi mtaalamu Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe ya watu wa kale, waliokaa kando ya maji yaliyokwisha kuondoka. Na katika miaka ya 1990 watu wa Nakuru waliliona ziwa lao likikauka hata likabaki vumbi jeupe linalopeperushwa na upepo. Neno hili tuliweke akilini, kwani tutalihitaji hapo mbele.

3. Ndege anayeishi kwa magadi

Mtu angedhani kwamba maji makali kama hayo hayana kiumbe. Lakini Mwenyezi Mungu ameyawekea watu wake. Katika magadi humea mwani mdogo hata jicho peke yake haliuoni, umejisokota kama uzi, nao huitwa spirulina. Ziwa likiwa na magadi ya kiasi chake, mwani huo hujaa hata maji yakawa ya kijani mazito kama uji. Samaki wengi hawawezi kuishi humo. Anayekula mezani hapo ni heroe.

Heroe ni wa aina mbili, mkubwa na mdogo, na wengi wa Nakuru walikuwa wadogo. Tuuzingatie mdomo wake. Ndege wote hula kichwa kikiwa juu. Heroe huinamisha kichwa mpaka mdomo ukapinduka, wa juu ukawa chini. Ulimi wake huenda mbele na nyuma kwa haraka kama pampu, ukivuta maji na kuyasukuma nje, na ndani ya mdomo mna vitana vyembamba vinavyouzuia mwani na kuyaacha maji yapite. Ni chujio kamili, ambalo fundi wa mji asingeweza kulishona kwa wembamba huo. Na rangi yake ya waridi hakuzaliwa nayo. Kinda wa heroe ni wa kijivu. Wekundu huupata katika chakula, kwa rangi iliyomo ndani ya mwani ule ule. Asipokula humo, hupauka.

Zamani, ziwa likikubali, heroe waliokusanyika Nakuru kwa wakati mmoja waliweza kupita milioni moja, ukingo wote ukawa kama umetandikwa kitambaa cha waridi. Na jirani zao walikuja kwa sababu nyingine. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 aliletwa Nakuru samaki mdogo wa jamii ya perege kutoka Magadi, aliyezoea maji makali, ili ale viluwiluwi vya mbu. Mara samaki wakaongezeka, na ndege aitwaye mwari, mwenye mfuko chini ya mdomo, akaja kwa maelfu kuwavua. Mwari hao wakataga visiwani Elmenteita, ambako hapakuwa na samaki, na kila siku wakaruka kwenda Nakuru kutafutia makinda riziki. Kitendo kimoja cha mtu, cha kutia samaki mdogo majini, kilibadilisha mwendo wa ndege wa maziwa mawili.

4. Mahali wanapozaliwa

Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua heroe wadogo wa nchi zetu wanataga wapi. Nakuru walionekana wakila, hawakuonekana na mayai. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya, aliruka kwa ndege juu ya Ziwa Natron akayaona makundi ya makinda katikati ya matope ya magadi. Akajaribu kuwafikia kwa miguu. Matope yakamzamisha, magadi yakamwunguza miguu vibaya, na ilikuwa karibu afe. Hapo ikafahamika kwa nini ndege huyu huchagua mahali hapo: fisi na mbweha hawawezi kupita penye joto na ukali kama ule. Kila jozi hujenga kichuguu cha tope na kutaga yai moja tu juu yake. Hata leo Natron ndiyo mahali pakuu pa kuzaliana heroe wadogo ulimwenguni. Basi heroe wa Nakuru ni mwana wa Tanzania, na mipaka ya serikali haimhusu.

Mwaka 1962 Natron ilifurika, na heroe wakataga Magadi. Huko magadi yaliganda katika miguu ya makinda yakawa pingu nzito, hata wakashindwa kwenda, wakaanza kufa. Brown na wenziwe, na vijana wa huko na askari, wakaingia majini wakavunja pingu hizo moja moja, wakawaokoa makinda kwa maelfu.

Tulipoisoma khabari hii katika duara letu, tulikumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya masahaba waliokuwa safarini wakachukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume (S.A.W.) aliporudi aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyo uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Ikiwa makinda wawili waliusimamisha msafara wa Mtume, si haki Mwislamu kuambiwa habari za ndege akajibu kwamba hazimhusu.

5. Wanyama wa nchi kavu, na pembe iliyopita kwetu

Mwaka 1960 upande wa kusini wa ziwa ulifanywa hifadhi ya ndege, na mwaka 1968 pakatangazwa kuwa mbuga ya taifa. Mwaka 1990 Nakuru iliandikwa katika mapatano ya Ramsar ya kulinda ardhi zenye maji, nayo ndiyo ya kwanza ya Kenya kuandikwa humo; na mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elmenteita, iliingizwa katika urithi wa dunia. Humo mna nyati, kuro, swala, mbega, nyani, chui na simba. Na twiga wa aina ya Rothschild, ambao makao yao ya magharibi ya Kenya yaligeuka mashamba, walihamishiwa humo mwaka 1977.

Lakini mnyama ambaye khabari yake yatugusa sisi wa pwani ni kifaru. Kiasi cha mwaka 1970 vifaru weusi wa Kenya walikisiwa kuwa 20,000. Haikupita miaka ishirini wakabaki pungufu ya 400. Hawakufa kwa maradhi. Waliuawa kwa ajili ya pembe, na pembe ilikuwa na soko mbili: Asia ya mashariki, walikoifanya dawa, na Yemen, walikoifanya mipini ya majambia. Bidhaa hiyo haikuwa na mabawa. Ilitoka bara ikavuka bahari kwa bandari za Afrika ya mashariki. Serikali ya Yemen ya Kaskazini iliipiga marufuku kuingizwa mwaka 1982, lakini marufuku ya karatasi hayakuziba kila mlango. Katika miaka ya 1980 Nakuru ikazungushiwa ua wa umeme na kufanywa mahali pa kuwalinda vifaru, na wengine wakazaliana humo hata wakapelekwa kwingine.

Twauliza: jambia lenye mpini wa pembe lamzidishia mtu nini mbele ya Mola wake? Ni israfu na fahari, na vyote viwili tumekatazwa. Wala mtu asiseme kwamba kutenga nchi kwa ajili ya wanyama ni bidaa ya Wazungu. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram kati ya harra zake mbili, nazo ni nchi za mawe meusi ya moto kama yale ya Menengai, akakataza wanyama wake wasiwindwe na miti yake isikatwe. Aliyeiheshimu haram ile, asidharau maana yake akiiona mahali pengine.

6. Ziwa lilipojaa

Sasa turudi kwenye swali lililotuleta. Tangu kiasi cha mwaka 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda. Ziwa la Nakuru, ambalo lilikuwa na kilomita za mraba 40 hivi, lilipita 60 kufika mwaka 2020. Lango kuu la mbuga likamezwa. Nyumba za watu wa Mwariki zikaingia majini. Baringo likafunika mashamba, shule na zahanati, na maelfu ya jamaa wakahama wakiwa wamebeba walichoweza. Ukingoni mwa Nakuru, migunga iliyokuwa msitu ikasimama ndani ya maji, mikavu, meupe kama mifupa.

Na heroe je? Mtu wa pwani, aliyezoea kuomba mvua, angesema maji yakizidi ndege wamezidi. Mambo ni kinyume. Maji ya mvua ni baridi. Yakiingia kwa wingi huyapunguza nguvu magadi, na magadi yakipungua mwani hupungua. Wataalamu walioyapima maziwa haya kwa picha za setilaiti wametoa khabari yao mwaka 2024: Nakuru, kati ya mwaka 2009 na 2022, uso wa ziwa ulikaribia kuzidi mara mbili, na mwani wake ukapungua kiasi cha nusu. Wengi wa heroe wakahamia Bogoria na kwingineko kutafuta riziki. Ukame wa miaka ya 1990 uliwafukuza, na mafuriko ya miaka hii yakawafukuza vile vile. Kiumbe huyu amewekwa penye kipimo: maji yakipungua mno ni njaa, yakizidi mno ni njaa. Hapa mtu huiona kwa macho maana ya Suratul Mu'minun, aya ya 18, inayotufahamisha kwamba maji huteremshwa kutoka mbinguni kwa kadiri. Na maana ya mizani iliyotajwa katika Suratur Rahman, ambayo tumekatazwa tusiidhulumu.

Sababu yake ni nini? Sababu kubwa ni mvua iliyozidi katika vilima vinavyoteremsha maji bondeni. Na mvua hiyo kwa sehemu ilitoka kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita ada yake, mvuke ukapanda, upepo ukauchukua bara, na mvua ikamwagika miezi na miezi. Maji yaliyoingia nyumbani kwa mtu wa Nakuru yalitoka katika bahari ambayo sisi twaoga. Na joto hilo la dunia linazidishwa na moshi wa viwanda na magari, ambao mikono ya watu ndiyo iliyouwasha.

Sababu ya pili ni msitu wa Mau, ambamo mito ya Njoro na Makalia huanzia. Msitu ni kama sifongo: huinywa mvua na kuitoa kidogo kidogo. Kwa miaka mingi umekatwa, na mwaka 2001 eneo kubwa la Mau ya Mashariki lilitolewa rasmi katika hifadhi likagawanywa. Palipokuwa na miti, mvua hushuka mbio na udongo wake, na udongo huo hulala chini ya ziwa.

Basi mwenye kusema kwamba ziwa limekasirika, na tumkumbushe kisa kimoja. Mwaka wa kumi wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo chake. Lau Mtume angekuwa mtu wa kupenda kutukuzwa, angenyamaza. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Kisha akawaamrisha sala. Ikiwa jua halikupatwa kwa mwana wa Mtume, ni elimu gani aliyo nayo mtu wa barazani ya kujua kwamba ziwa lilifurika kwa dhambi ya jirani yake?

Wala udhaifu huu si wa watu wa dini moja au rangi moja. Wazungu wa kwanza waliokaa bondeni walimwona mgunga wenye gome la manjano, wakaona alalaye chini yake hupata homa, wakauita mti wa homa. Kumbe mti hauna kosa: humea penye maji yaliyotuama, na penye maji hayo pana mbu. Mwaka 1897 Ronald Ross huko India akaona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na mti ukatakasika, ingawa jina limebaki. Kutazama vitu viwili vikienda pamoja, ukasema hiki kimeleta kile bila kuchungua, ndilo shina la ushirikina wote.

Wako watakaoogopa kwamba tukisema "mvua" na "msitu" tumemsahau Mwenyezi Mungu. Sivyo. Mwenye kusema mvua ni sababu hakumkana Mwenye mvua. Yeye ndiye aliyevipa vitu tabia zake na kuvifungamanisha, naye katika Suratur Rum, aya ya 41, ametufahamisha kwamba uharibifu hudhihiri barani na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu. Aya hiyo yatupeleka kutafuta ni mikono ipi na imechuma nini, tupate kurejea. Mwenye kusema "ni jini la ziwa" amekwisha kuizuia toba, kwani jini hapandi mti wala hazuii shoka.

7. Yatupasayo

Kwanza, tuzuie ndimi zetu. Aliyepoteza nyumba Mwariki au Baringo ana haki ya kusaidiwa, wala hapana mtu aliyepewa mamlaka ya kumhukumu. Mwenye sadaka na aipeleke kwa misikiti na jamaa walioko huko, wanaowajua wahitaji.

Pili, tulinde maji yaliyotuama. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yasiyokwenda. Nakuru, ambayo tangu mwaka 2021 imepewa hadhi ya jiji, ina zaidi ya watu nusu milioni pembeni mwa ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Kila kitupwacho humo hakina pa kwenda. Na sisi tunazo hori za Tudor na Makupa, ambazo twazifanya majaa. Hukumu ni moja.

Tatu, tupande miti na tuihifadhi mikoko. Katika hadithi sahihi, apandaye mti au mmea, akala ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Udongo unaoifanya bahari ya Malindi kuwa nyekundu wakati wa mvua ni udongo wa bara ulioletwa na Sabaki kwa sababu miti imekatwa.

Nne, tusiguse pembe, wala meno ya ndovu, wala nyama ya wizi, hata ikiwa faida yake yashinda ya duka la mwaka mzima.

Tano, walimu wa vyuo wawatoe watoto nje. Si lazima safari ya Nakuru. Heroe huonekana Sabaki inapomwaga maji baharini, na ndege wa kila namna huonekana Mida. Mtoto aliyehifadhi Suratul Mulk, naye hajasimama hata siku moja kuwatazama ndege wakikunjua na kukunja mabawa yao juu yake, amepewa nusu ya somo.

Maswali ya kudurusu

1. Kwa nini maji ya Ziwa la Nakuru ni ya magadi, na ya Naivasha ni baridi?
2. Eleza jinsi mvua nyingi ilivyoweza kumletea heroe njaa.
3. Taja sababu mbili za kupanda kwa ziwa, na useme katika kila moja mkono wa binadamu ulifanya nini.
4. Kisa cha kupatwa kwa jua siku aliyofariki Ibrahim chatufundisha nini katika kuzungumza misiba ya watu?
5. Katika mtaa wako, ni maji gani yaliyotuama, na ni nani mwenye dhamana nayo?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe ishara zake katika viumbe vyake, awarejeshee walioondolewa majumbani mwao kilicho bora kuliko walichopoteza, na atujaalie kuwa walinzi wema wa amana aliyotukabidhi. Wabillahi tawfiq.